Jani Mlangoni

Baba alisoma tumbaku mlangoni mwa bani.
Alishika jani kwa kikonyo, akalielekeza nje,
mwanga ukapita, akasema: hili limao, hili chungwa,
hili limeungua, weka kando.
Hakulikata. Hata kulinusa hakulinusa.
Siku moja alinisimamisha palepale,
jua nyuma yangu, akatazama sikio langu
likiwaka jekundu na mishipa yake yote,
akasema, "Nawe unapitisha."
Nilikuwa na miaka sita. Nilidhani nimesifiwa.

Leo, kituo cha afya cha Usoke, chumba cha chanjo,
wameziba dirisha kwa kitenge cha nesi.
Kijana anaitwa Msabila, ametoka mjini na begi gumu la plastiki,
ndani yake kitu mfano wa tochi ya mlinzi,
ila mdomo wake ni kioo, na hakimuliki mbali.
Kinamulika chini.
"Haiumi, mama. Hatukati chochote.
Mwanga unaingia, unarudi, tunasoma ulivyorudi."

Nikamwonyesha kovu la begani.
Mwaka ule walikata nyama kiasi cha punje ya harage,
wakaitia kichupani, kichupa kikapanda basi kwenda Mwanza.
Majibu yalirudi baada ya miezi mitano
yakiwa na jina la mwanamume.
Akacheka, kisha akaona sicheki.

Jeli ya baridi. Mashine kwanza ikauliza:
ngozi daraja la ngapi?
Kuna kadi ya rangi sita, kutoka maziwa hadi mkaa.
Msabila akaishika, kidole kikasita.
Daraja la kwanza, nikamwambia, andika,
pamoja na mapadre waliojenga kanisa,
mimi binti Kapufi, niliyepalilia tumbaku ya watu
tangu sijaota matiti.

Ndipo treni ya Kaliua ikapita.
Meza ikatetemeka, picha nayo ikatetemeka.
"Tusubiri," akasema, nami nikabana pumzi
kana kwamba mabehewa yanapita ndani ya ngozi.

Lile doa la mkononi nililolihesabia siku,
nililolificha kwa mikono mirefu hata mbele ya wanangu,
mwanga ulilipuuza: moto wa bani tu, kovu lisilo na neno.
Lakini kisogoni, chini ya kilemba,
mahali ambapo sijawahi kupaona wala kupawaza,
kioo kikakaa. Kikakaa.
Kwenye skrini nikaona nchi ngeni,
nyeupe, na katikati vijito vyekundu
vinavyokwenda bila kufuata bonde.
"Hapa," akasema, sauti ikashuka. "Hapa sipapendi."

Dada yangu Mwashi naye alikuwa na pake, shingoni.
Alipafunika kwa khanga mvua tatu.
Nzi ndio waliotuambia.

Sikulia. Niliuliza kama mashine inajua au inabahatisha.
Akasema inashuku tu; wa kujua ni daktari, Tabora mjini,
na huko, mama, kisu kipo,
ila ni kidogo, kwa kuwa tumepawahi.
Aliandika rufaa. Aliandika pia: asikae juani
saa nne hadi saa kumi.
Nikamuuliza hiyo karatasi inadhani
tumbaku inapaliliwa saa ngapi.
Akanyamaza, akifuta kioo kwa pamba.

Nilitoka. Jua lilikuwa utosini, lilelile,
miaka arobaini na moja linaandika juu yangu
na halijanisomea hata neno moja.
Nikavuta kofia hadi kwenye nyusi.
Basi la Alhamisi linaondoka saa kumi na moja alfajiri,
giza bado. Hilo nalimudu.